Ugonjwa Hutangulia Barua

Jirani yangu wa Olasiti hukata kidonge cha presha kwa wembe. Hukilaza juu ya kizingiti cha dirisha, akakigawa katikati, nusu akaimeza na nusu akaikunja katika karatasi mpaka kesho yake. Nilipomwuliza sababu hakunificha. Kadi ya bima ilikoma pamoja na ajira, naye vidonge vilivyobaki anavitunza kama mtu anavyotunza debe la mwisho la mahindi masika yanapochelewa. Alikuwa ametumikia miaka 19 katika kiwanda cha vyakula ambacho sitakitaja, kwa kuwa hoja yangu haikihusu kiwanda hicho peke yake. Uongozi ulitangaza muundo mpya wa kampuni: idara mbili zikaunganishwa, mashine moja ya kufungasha ikachukua nafasi ya mikono mingi, na orodha ya majina ikabandikwa kwenye ubao wa matangazo karibu na lango.

Kidonge chenyewe kilinishtua kwanza. Kilikuwa nifedipini ya aina inayoachia dawa polepole mwilini kwa saa nyingi, na kidonge cha namna hiyo hakikatwi. Kikikatwa, umbo linalozuia dawa isitoke kwa mkupuo huharibika. Dawa huingia mwilini kwa wingi kwa wakati mmoja, shinikizo la damu huporomoka ghafla, kisha baada ya saa chache hupanda tena bila kizuizi. Mtu huyu alidhani anapunguza gharama kwa nusu, kumbe alikuwa akijiongezea hatari. Sikumlaumu. Hakuna aliyemwonya, kwa sababu tangu alipotoka kazini hakuwa amekanyaga tena mahali ambapo angeonywa.

Jambo lililonishtua zaidi nililiona nilipofungua daftari lake la kliniki, kwa ruhusa yake, ruhusa ambayo aliipanua ili niandike haya ilimradi nisimtaje. Kwa miaka minne presha yake ilikuwa imetulia. Kisha ikaanza kupanda, mwezi baada ya mwezi, bila dawa kubadilishwa na bila maelezo yoyote kuandikwa pembeni. Nilimwuliza mwezi ule wa kwanza kulitokea nini. Akahesabu kwa vidole, akacheka kidogo. "Daktari, ndio mwezi walipokuja wale wageni wenye kompyuta kupima dakika za kila mtu pale mashineni." Barua ya kupunguzwa ilimfikia miezi minane baadaye.

Siku barua ilipomfikia, basi, alikuwa anaugua tayari. Na alipozidiwa ndipo alipotoweka katika daftari la zahanati. Ninachotaka kukitetea hapa ni kwamba upunguzaji wa wafanyakazi ni tukio la kiafya lenye mwanzo unaojulikana, kwamba mwanzo huo huitangulia barua kwa miezi mingi, na kwamba sisi tulio katika tiba tumeridhika kuarifiwa mwishoni kabisa, au kutoarifiwa.

Arusha si ngeni katika jambo hili. Jiji letu lina kata nzima inayobeba jina la kampuni ya kusaga nafaka, Unga Limited, na vijana wengi wanaoshuka hapo kwenye vifodi kila asubuhi hawajui kwamba wanataja jina la kinu. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 kampuni binafsi za usagishaji zilitaifishwa na kuwekwa chini ya Shirika la Taifa la Usagishaji, lile ambalo wazee bado huliita NMC. Shirika lilipewa jukumu zito: kununua nafaka kwa mkulima kwa bei iliyopangwa, kuisaga, na kumwuzia mlaji wa mjini sembe kwa bei iliyopangwa vilevile, hata pale hesabu za bei hizo mbili zilipokuwa hazikutani. Madeni yalikua. Mwaka 1984 Serikali iliondoa ruzuku ya sembe. Biashara ya nafaka ikafunguliwa kwa wafanyabiashara binafsi hatua kwa hatua. Na mwaka 1992 ikaundwa Tume ya Rais ya Kurekebisha Mashirika ya Umma, iliyokabidhiwa karibu mashirika 400 ili yauzwe, yakodishwe, yaunganishwe au yafungwe. Leo mitambo ya kusaga nafaka ya Arusha iko chini ya Bodi ya Nafaka na Mazao Mchanganyiko, na unga unatoka tena.

Simulizi la mageuzi hayo hutolewa kwa tani, madeni na bei za mauzo. Lakini katika nyumba za Arusha simulizi ni jingine. Kizazi changu kilikua kikisikia kitenzi "kupunguza" kikipata maana mpya: baba wa fulani amepunguzwa, shangazi amepunguzwa, mtaa mzima umepunguzwa. NMC haikuwa peke yake. Kulikuwa na Kiltex ya nguo, na baadaye General Tyre ya matairi. Ndani ya familia miaka hiyo haikukumbukwa kwa tarakimu. Ilikuwa "mwaka baba alipopunguzwa", na mara nyingi kauli iliyofuata ilikuwa "ndipo presha ilipomwanza", au "ndipo alipoanza pombe", au kwa ufupi tu, "hakukaa sana". Sisi madaktari tumezoea kusikiliza kauli kama hizo kwa adabu, kisha tukaziweka kando kama maneno ya msibani. Nadhani tulikosea. Zilikuwa taarifa za kitabibu zilizotolewa na watu wasio na vipimo.

Vipimo vilifanywa mahali pengine. Katika mji mdogo wa Calne, huko Wiltshire nchini Uingereza, kulikuwa na kiwanda cha Harris kilichotengeneza soseji na nyama ya nguruwe iliyotiwa chumvi kwa zaidi ya karne moja, na mji mzima ukikitegemea. Kilifungwa mwaka 1982. Daktari wa familia wa mji huo, Norman Beale, akishirikiana na Susan Nethercott, alifanya kazi ambayo daktari yeyote wa wilaya angeweza kuifanya: alichukua mafaili ya wagonjwa wake mwenyewe, akatenga familia za waliopoteza kazi kiwandani na familia nyingine za mji uleule ambazo ajira zao hazikuguswa, akahesabu ziara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1985 yalionyesha kwamba familia zilizopoteza kazi zilimwona daktari kwa takriban asilimia 20 zaidi, na ziara zao katika kliniki za hospitali ziliongezeka kwa takriban asilimia 60. Hizi zilikuwa familia, si wafanyakazi pekee. Wake na watoto nao walikuwa wameingia katika hesabu.

Hata hivyo si asilimia hizo zilizonifanya nirudie makala hiyo. Ni tarehe. Ongezeko halikuanza mwaka kiwanda kilipofungwa. Lilianza karibu miaka miwili kabla, pale wafanyakazi walipofahamu kwa mara ya kwanza kwamba ajira zao zimo hatarini. Mashine zilikuwa bado zinazunguka, mishahara inalipwa, na mgonjwa tayari yuko mlangoni kwa daktari. Watafiti wawili wa Marekani, Kasl na Cobb, walikuwa wameona jambo linalofanana nalo katika miaka ya 1960, walipofuatilia wanaume wa viwanda vilivyokuwa karibu kufungwa na kuwapima presha majumbani: ilikuwa juu katika kipindi cha kungoja na cha kukosa kazi, ikashuka walipotulia katika kazi mpya. Na mwaka 2009 Sullivan na von Wachter, waliochunguza wafanyakazi wa muda mrefu wa jimbo la Pennsylvania, walikuta kwamba katika mwaka uliofuata kupoteza kazi vifo vilizidi kiwango kilichotarajiwa kwa asilimia 50 hadi 100, na kwamba mwanaume aliyepoteza kazi akiwa na umri wa miaka 40 alikuwa amepunguziwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu wa maisha.

Najua pingamizi litakalotolewa. Calne si Olasiti. Kwetu kuna shamba la ukoo, kuna ndugu, kuna biashara ndogo, na mtu hatambuliki kwa kazi yake ya kiwandani peke yake. Pingamizi hilo lina ukweli wake. Nimeona mtu aliyepunguzwa akirudi kwenye migomba ya baba yake upande wa Meru na akapata nafuu ya mwili na moyo. Lakini Olasiti ya leo imejaa watu waliohamia kutoka mbali, waliojenga vyumba viwili kwa mkopo au wanaolipa pango, na ambao shamba lao la ukoo limegawanywa mara tatu kabla halijawafikia. Isitoshe, ndugu tunaowategemea kuwa kinga aghalabu ndio waliokuwa wakitegemea mshahara huohuo. Mfanyakazi mmoja wa kiwanda anapoondolewa, ada ya shule ya mpwa wake hukatika kijijini, na mama lishe aliyekuwa akiuza chai na chapati nje ya lango hubaki na daftari la madeni lisilo na mdaiwa wa kumfuata. Huyo hatapata barua wala kiinua mgongo.

Tofauti kubwa kati ya Calne na kwetu ni nyingine kabisa. Uingereza ilikuwa na huduma ya afya ya taifa tangu mwaka 1948, hivyo mtu aliyepoteza kazi hakupoteza daktari. Ndiyo maana Beale aliweza kuwahesabu. Kwetu, kwa mfanyakazi wa sekta binafsi, bima ya mwajiri husimama pale ajira inaposimama, pengine mwezi uleule. Ugonjwa unapanda na mahudhurio yanashuka. Mganga mfawidhi anayetazama takwimu za robo mwaka ataona wagonjwa wa presha na kisukari wamepungua, na asipokuwa mwangalifu atafurahi. Miezi kadhaa baadaye baadhi yao watarudi, lakini si kupitia kliniki. Watabebwa wamepooza upande mmoja, au wataletwa wakiwa katika koma ya kisukari kwa sababu insulini ilinyooshwa idumu zaidi ya siku zake.

Kipindi cha tetesi nacho kina wagonjwa wake, ila hawasemi wanaumwa nini. Hakuna anayeingia chumba cha daktari akasema ana wasiwasi wa ajira. Husema moyo unaenda mbio, tumbo linawaka, usingizi hauji, kichwa kizito. Akiulizwa zaidi hujibu neno moja: "Mawazo." Tabibu mwenye wagonjwa 60 foleni humpima malaria, haipati, humwandikia dawa ya kupunguza asidi tumboni na paracetamoli, na kumpa mkono wa kwaheri. Nami nimefanya hivyo, tena si mara moja. Nyuma ya neno hilo moja kuna mwili ulio katika hali ya tahadhari usiku na mchana: kortiso na adrenalini hazishuki, mishipa imebana, sukari ya damu inapanda kwa wenye kisukari, na mtu anavuta sigara aliyokwisha kuiacha. Wengine sonona imekwisha kuanza. Swali ambalo lingefungua mlango ni fupi kuliko muda wa kupima malaria: "Na kazini kunaendaje?" Hatuliulizi kwa sababu hatukufundishwa kuliuliza, na pengine kwa sababu tunaogopa jibu tusilokuwa na dawa yake.

Sheria yetu, kwa kiasi fulani, imetangulia tiba. Kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri anayekusudia kupunguza wafanyakazi kutoa taarifa mara tu anapoanza kulifikiria jambo hilo, kutoa taarifa zote zinazohusika, na kushauriana na chama cha wafanyakazi au na wafanyakazi wenyewe kuhusu sababu, hatua za kuepusha au kupunguza makali, namna ya kuwachagua watakaoondoka, wakati, na malipo. Mfanyakazi anayeona hakutendewa haki anayo Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Ukisoma orodha hiyo ya mambo ya kushauriana kwa jicho la daktari, unaona pengo mara moja. Haitaji dawa anazomeza mtu, wala mjamzito aliyekwisha kuandikishwa kliniki kwa kadi ya kazini, wala mtoto mwenye selimundu anayetibiwa kwa kadi ya mama yake. Kiinua mgongo kimepimwa kwa ukarimu mdogo: mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, na hesabu hukoma katika mwaka wa kumi. Kwa jirani yangu wa miaka 19, kiwango hicho cha sheria ni siku 70. Miaka yake tisa mingine kazini haikuongeza hata siku moja.

Hapa pana swali gumu ambalo sitalikwepa. Ikiwa Calne inatufundisha kwamba madhara yalianza watu walipojua, je, si afadhali mwajiri anyamaze mpaka siku ya mwisho? Mameneja kadhaa wameniambia hivyo, na hawakuwa watu wabaya. Waliamini wanawapa wafanyakazi miezi ya amani. Sikubaliani nao. Kiwandani hakuna ukimya. Wageni wakipima dakika, oda ya mifuko ikipungua, likizo zikilazimishwa, zamu ya usiku ikifutwa, kila mtu hujua, isipokuwa hajui nani na lini. Kutojua huko ndiko kunakotafuna. Mtu aliyeambiwa kwamba idara yake itafungwa mwezi wa sita, kwamba majina yatachaguliwa kwa kigezo fulani, na kwamba mtoto wake atatibiwa mpaka Desemba, ana huzuni. Ila huzuni yenye tarehe hubebeka kuliko wasiwasi usio na mwisho. Taarifa ya mapema isiyo na tarehe wala mpango ni tetesi iliyopigwa muhuri.

Wala sidai kwamba kampuni zisijipange upya. Zipo zinazougua kweli. Bei ya ngano inayoagizwa nje, umeme na mafuta ya kupikia haimsubiri mtu, na kiwanda kisichopunguza leo huenda kikafungwa kesho na kuwatoa wote. Ninachokataa ni mazoea ya kuandika gharama za mageuzi katika vitabu vya kampuni kana kwamba zimeishia hapo. Sehemu ya gharama hulipwa na wodi ya wanaume ya hospitali ya mkoa, na nyingine na mke anayeacha genge lake ili amgeuze mgonjwa kitandani. Hata wanaobaki kiwandani hawabaki salama. Hufanya kazi ya watu wawili huku wakingoja awamu ya pili, na presha zao nazo zinastahili kupimwa.

Nini basi kifanyike? Nitaanza na lililo rahisi, ambalo halihitaji Bunge. Katika mkataba wa makubaliano ya upunguzaji, chama cha wafanyakazi kidai sharti moja jipya: bima ya matibabu ya mfanyakazi na wategemezi wake iendelee kwa miezi sita baada ya ajira kukoma. Nimechagua sita kwa sababu. Mfuko wa NSSF hulipa fao la kukosa ajira kwa miezi sita, theluthi moja ya mshahara, kwa mwanachama mwenye taaluma aliyechangia angalau miezi 18 na ambaye hakuacha kazi kwa hiari. Ikiwa taifa limekubali kwamba mtu huhitaji miezi sita ya kujishikiza kwa chakula, ni vigumu kueleza kwa nini dawa zake zikome siku ya kwanza. Viongozi wa vyama, niseme ukweli wangu, wamezoea kupigania fedha taslimu kwa sababu ndizo zinazoshangiliwa mkutanoni. Nimewasikia wakisema wanachama wenyewe hawataki bima, wanataka noti. Ni kweli, mpaka wiki ya tatu.

Miezi sita ikipita, au kwa kibarua ambaye hakuwahi kuchangiwa popote, uko Mfuko wa Afya ya Jamii ulioboreshwa, ambao ulikuwa ukitoza shilingi 30,000 kwa kaya ya watu wasiozidi sita kwa mwaka. Jirani yangu hakuwa ameusikia. Alipokea kiinua mgongo mkononi, na hakuwepo mtu pale langoni wa kumwambia kwamba sehemu ndogo ya bahasha ile ingemfungulia mlango wa zahanati mwaka mzima. Kadi hiyo haifiki mbali kama ile ya kazini, na dawa nyingine hazipatikani kwayo. Lakini ingemkutanisha na mtu wa kumwambia aweke wembe chini. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023 itapimwa, kwa maoni yangu, na watu wa aina hii hasa: wasio maskini wa kusajiliwa kwenye msamaha, wasio waajiriwa tena, walio katikati.

Upande wa kiwanda, ninapendekeza upimaji wa kuondoka upewe maana nyingine. Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, OSHA, unatambua kupimwa mfanyakazi anapoanza kazi, akiwa kazini na anapoondoka. Upimaji wa mwisho, unapofanyika, hutafuta madhara ya mashine: masikio kwa kelele, mapafu kwa vumbi la unga. Ni vema. Lakini mtu huyo ameketi mbele ya muuguzi, mkono umefungwa mpira wa kipimo cha presha. Kwa dakika kumi zaidi angeweza kuondoka na barua ya rufaa kwenda kituo cha karibu na nyumbani kwake, dawa za miezi mitatu, na maelezo ya zipi hazikatwi na zipi haziachwi ghafla. Atenololi na propranololi ni mfano wa hizo za pili. Kuziacha ghafla kunaweza kuamsha maumivu ya kifua au kuvuruga mapigo ya moyo kwa mwenye ugonjwa wa moyo. Gharama ya dakika hizo kumi haiwezi kuonekana hata kwa darubini katika hesabu za kampuni inayonunua mashine mpya ya kufungasha.

Na sisi je? Chuo chetu huwapeleka wanafunzi vijijini kupima lishe ya watoto na kuhesabu vyoo, kazi ninayoiheshimu. Sijawahi kuwapeleka langoni mwa kiwanda kinachopunguza watu. Kuanzia muhula ujao nakusudia kuomba ridhaa tufanye alichofanya Beale: tuketi na mafaili ya kituo kimoja, tutenge familia zilizopoteza kazi na zile ambazo hazikupoteza, tuhesabu. Ila sisi itatubidi tuhesabu pia wasiokuja, na hilo Beale hakulazimika kulifanya. Itatubidi tubishe hodi. Kwa wenzangu walio katika zahanati na vituo vya afya vya upande wa Olasiti, Muriet na Unga Limited, ombi langu ni dogo kuliko utafiti. Mgonjwa wa presha akipitisha mwezi bila kuchukua dawa, piga simu. Akisema "mawazo", uliza kazini kunaendaje, na jibu liandikwe pembeni ya faili pamoja na tarehe.

Jirani yangu sasa anameza kidonge kizima. Alisajili kaya yake mwezi uliopita baada ya mkewe kuuza kuku wanne, na presha yake, nilipoipima Jumapili, ilikuwa 152 kwa 94, ambayo bado si nzuri. Alinisindikiza mpaka barabarani, akanieleza kwamba shemeji yake anayefanya kazi katika kiwanda kingine cha vyakula hapa mjini amemwambia kuna wageni wamefika na wanazunguka na orodha. Hakuna kilichotangazwa. Niliulizia kwenye zahanati iliyo karibu na kiwanda hicho. Hawakuwa wamesikia lolote.